Kamera Isiyopiga Kelele

Pale hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Buluu, kwa sababu ya ile buluu ya unga aliyokuwa akiitia kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia ili shuka zing'ae, na ambayo ilikuwa imeshamkaa kwenye kucha kama mtu aliyezaliwa nayo. Alikuwa dobi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko: mapipa ya kuchemshia, beseni refu la saruji, meza ya kupigia pasi, na kamba zilizokatiza uwanja mzima wa nyuma. Wakubwa wa hospitali walibadilishwa kama foronya, yeye akabaki. Shuka iliyopita mikononi mwake haikurudi wodini na doa hata la kuombewa msamaha. Manesi walimtania kwamba siku akifika mbinguni atawakagua malaika kanzu zao kabla hajawasalimia. Alikuwa akicheka, lakini kwa kweli angewakagua.

Usidhani yalikuwa majivuno matupu. Mwanamke huyu alikuwa na lake jambo. Alipokuwa bado na ndoa changa alizaa mtoto wake wa kwanza, na mtoto hakulia. Enzi hizo utaratibu wa wodi ulikuwa mmoja tu: mtoto wa namna hiyo anafungwa upesi, anatolewa nje, na mama anaambiwa asimtazame, maana akimtazama atazidi kuumia. Waliosema hivyo walisema kwa wema, na wema wa aina hiyo mimi nimeuchoka. Alichokiona yeye ni kitambaa, kitambaa cha kijivu chenye doa la zamani la dawa, kikipita mlangoni mikononi mwa mtu mwenye haraka zake. Uso hakuuona. Baadaye alizaa wengine, wakakua, wakaoa na kuolewa. Mumewe naye akafa, akamzika. Lakini ukimuuliza yule wa kwanza alikuwaje, alikueleza habari za lile doa, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Basi kitinda mimba wake alipopata ujauzito, Mama Buluu alifurahi hadi akawa anaimba mbele ya mapipa, na sauti yake ilikuwa mbaya, wapishi wakamwomba aimbe taratibu. Furaha haikukaa. Daktari alimpitisha binti kwenye kile kipimo cha kumwonesha mtoto tumboni, akarudia, akamwita mwenzake, wakarudia wote wawili. Halafu wakawaeleza, binti na mama yake, kwamba figo za mtoto hazikuumbika, na kwa hiyo mapafu nayo hayatafunguka. Atazaliwa. Huenda akapumua kidogo. Hatakaa.

Binti hakulia pale. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba vizuri, akasema, "Twende nyumbani, mama." Kulia alikuja kulia siku nyingine, akiwa anamenya viazi, mumewe akamnyang'anya kisu.

Mama Buluu hakulia kwa sababu kuna wazo lilikuwa limeshamkalia kichwani, na wazo likimkalia yule mama lilikuwa haling'oki hata kwa maji ya moto. Safari hii uso hautapita mlangoni ndani ya kitambaa. Safari hii kutakuwa na picha.

"Nitatafuta kamera," akamwambia binti yake.

"Kama unataka, mama," binti akasema.

Zilikuwa siku ambazo simu bado inakaa mezani na waya wake, na mtu akitaka picha anavaa nguo zake nzuri anakwenda studio. Kamera yako mwenyewe ilikuwa kitu cha kuazima kwa jirani na kurudisha kwa ugomvi. Mama Buluu hakutaka ya kuazima. Alimwendea fundi mmoja aliyekuwa na kibanda chembamba katikati ya duka la vioo na duka la viatu. Mbele aliuza kamera zilizokwisha tumika, na nyuma, kwenye chumba chenye pazia zito jeusi, alisafisha picha. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine juu ya kichwa, na mara kwa mara aliutafuta ule wa kichwani akiwa amevaa ule wa usoni.

"Shikamoo mama, karibu. Unataka kamera ya kupigia nini?"

Alimuuliza kila mteja hivyo. Alikuwa akisema watu wanakuja kununua kamera kama wanaonunua mashati, wanaangalia inavyong'aa. Halafu wanarudi wanalalamika.

"Mjukuu," akasema Mama Buluu. "Anakaribia kuzaliwa."

"Hongera sana!"

"Ahsante."

Fundi akafungua kabati la kioo kwa furaha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na bila shaka alianza na vile vinavyohitaji kutembezwa. Akatoa kamera kubwa yenye lenzi ndefu kama bomba la jiko. Hii, akasema, inamvuta mtu aliye mbali mpaka unahesabu vifungo vyake. Mama Buluu akauliza kama inaweza kumpiga mtu aliye karibu, tuseme kitandani, wewe umesimama kando yake. Fundi akakiri kwamba hapo itabidi arudi nyuma mpaka atoke nje ya mlango. Akairudisha. Akatoa nyingine yenye flashi juu kama tochi, akaiwasha, kibanda kizima kikawa cheupe, mpita njia akashtuka barabarani.

"Hii ndiyo ya watoto, mama. Mtoto hatulii. Flashi inamgandisha hapo hapo."

"Huyu atatulia," akasema Mama Buluu.

Fundi akacheka. "Wote mnasema hivyo kabla hawajazaliwa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijui kama kuna siku msemo huu ulimchoma mtu kama ulivyomchoma yeye pale dukani. Aliona wazi kwamba asiposema haja yake kwa kweli, atauziwa kamera ya mjukuu wa mtu mwingine. Akaweka mkoba wake juu ya kioo, akasema. Alisema yote, kuanzia figo hadi mapafu, kwa sauti ile ile ambayo angemweleza mtu habari za shuka zilizochelewa kukauka. Alipomaliza fundi alikuwa ameizima flashi na ameishika kwa mikono miwili.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Sasa nioneshe ya kwangu."

Kuanzia hapo hakumwuzia tena, alimuuliza. Chumba kikoje? Kipo mwisho wa wodi, Mama Buluu akasema, wanakiacha kwa kina mama wa namna hii, ukutani kina dirisha moja linalotazama kamba zake za nguo. Mwanga unaingiaje? Asubuhi vizuri, mchana kidogo. Utasimama wapi? Kando ya kabati la chumba, umbali na kitanda kama hapa na kabati lako lile. Kutakuwa na watu wengine? Kutakuwa na wanawake wanaozaa upande wa pili wa ukuta, watoto wao wanalia, hataki na wao wasikie mashine. Fundi akamwonesha ile kamera inayotema picha papo hapo. Akabonyeza, ikanguruma, ikatoa kikaratasi. Mama Buluu alikitazama kikikolea rangi taratibu, akavutiwa, halafu akauliza kikikaa ukutani miaka kitakuwaje.

"Kitafifia," fundi akasema, kwa sababu hakuwa mwongo.

"Rangi inayokwenda na jua siitaki. Nimeziona nyingi. Na inanguruma. Na ile nyingine ya flashi pia sitaki. Mtoto hajauona mwanga wowote duniani, halafu wa kwanza uwe ule?"

Ndipo fundi akainama chini kabisa ya kabati, akatoa kamera ndogo nyeusi, nzito, rangi imechubuka kwenye pembe. Haikuwa na flashi. Haikuwa na lenzi ndefu. Jicho lake lilikuwa pana, na mapana yale, akaeleza, ndiyo yanayoiwezesha kuona penye mwanga hafifu. Akabonyeza karibu na sikio la Mama Buluu. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayefungua kifungo.

"Haina manjonjo," akasema fundi.

"Na mimi sina," akasema Mama Buluu, akaichukua. Alilipa bila kuvutana bei, yeye ambaye wauza sabuni wote walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kuugua.

Fundi alimfundisha pale pale. Ndani ya kidirisha cha kuchungulia kulikuwa na sindano nyembamba inayopanda na kushuka kufuata mwanga. Zungusha pete hii mpaka sindano ikae katikati, ndipo ubonyeze. Ukimaliza, vuta filamu kwa kidole gumba, uanze tena. Mwanamke aliyeongoza moto wa mapipa kwa kusikiliza tu mchemko hakupata shida na sindano. Akajaribu na filamu moja nzima: birika, kuku wa jirani, kiatu cha mkwe wake, na binti yake akiwa amekaa mlangoni na gauni la madoadoa, mkono juu ya tumbo, anacheka kwa sababu mama yake alikuwa amefumba jicho lisilotakiwa. Fundi akazisafisha, zote zikatoka safi. Akamwambia, "Mama, umeshaiva."

Sasa sikilizeni jambo ambalo fundi hakuliuliza na dobi hakulisema, kwa sababu kwa mmoja halikumjia akilini na kwa mwingine lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa. Mama Buluu alinunua pamba mpya. Aliichemsha, akaisuuza, akaitia buluu, akaianika pasipo vumbi, akaipiga pasi mpaka ikawa na makali. Akashona kofia ndogo ya pamba ile ile. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, hata shuka na foronya za chumba kile cha mwisho alizitandika mwenyewe, zile bora za kabati lote. Mjukuu wake hatafungwa kwenye kijivu. Alikuwa na heshima moja tu ya kumpa mtu hapa duniani, ilikuwa mikononi mwake, na aliitoa yote.

Mtoto alizaliwa asubuhi, mwanga ukiwa mzuri dirishani. Alikuwa wa kiume. Hakulia, ila alipumua, pumzi fupi fupi zenye nafasi kubwa katikati, na kila nafasi watu wote chumbani walikuwa wakiingoja. Mkunga alimfuta, akamfunga kwenye ile pamba, akamvika kofia, akamweka kifuani kwa mama yake. Mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika mguu wa mkewe juu ya shuka kama anayezuia kitu kisipeperuke.

Mama Buluu akasimama palepale alipopanga, kando ya kabati. Akachungulia. Sindano ikaruka juu kabisa, na moyo wake ukaruka nayo kwa furaha, maana mwanga ulikuwa mwingi kuliko alivyoogopa. Akazungusha pete, akaishusha sindano hadi katikati, akabonyeza. Kifungo. Akavuta filamu. Akasogea. Akarekebisha pete tena. Kifungo.

"Mama," mkunga akamwambia kwa upole, "hutaki kumshika?"

"Namshika, sista. Nimalize hii."

Akapiga ya upande wa dirishani. Akapiga ya juu, amepanda kwenye kistuli. Alifanya kazi vizuri, kama anavyofanya kila kazi, na jicho moja alikuwa amelifumba. Alikuwa akivuta filamu aliposikia mkunga anasema neno dogo, na mkwe akaanza kulia kwa sauti.

Walimpa amshike baadaye. Alimshika, lakini machozi hayakumwachia nafasi ya kuona kitu, na hakujilazimisha. Alijiambia uso umeshawekwa mahali salama. Alimbusu kwenye kofia. Jioni mkwe na ndugu zake wakaenda kuzika.

Fundi wa kamera, aliyeipokea filamu kesho yake, hakumwita siku ile aliyoahidi, wala siku ya pili yake. Mama Buluu akaenda mwenyewe baada ya kazi. Alimkuta kibandani amekaa, hana miwani hata mmoja. Hakusema karibu. Aliingia nyuma ya pazia akatoka na picha, akazipanga juu ya kioo, moja moja, polepole.

Ile pamba ilionekana uzi kwa uzi. Ulionekana mkunjo wa pasi. Kilionekana kidole cha binti yake juu ya pindo, na kucha yake. Kofia ilikuwa kofia hasa. Na katikati ya weupe wote ule, pale uso ulipotakiwa kuwa, palikuwa na kiza. Palionekana umbo la shavu, labda. Picha zote zilikuwa hivyo.

"Nimejaribu kila ninachojua," fundi akasema. "Nimeinyanyua, nimeiangaza. Nikizidisha inakuwa ukungu mtupu. Filamu haikushika kitu pale."

"Niliiweka sindano katikati."

"Uliiweka, mama. Hukukosea. Sindano haijui mtoto wala nguo, inajua mwanga tu. Imeona nyeupe kila upande, ikadhani chumba kinawaka, ikakwambia uubane. Ukaubana. Nguo ikapata mwanga wake, uso ukakosa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nilikuuliza dirisha. Nilikuuliza umbali. Sikukuuliza atavaa nini."

"Hata ungeniuliza," Mama Buluu akasema, "ningekujibu nyeupe, na ningejivuna."

Alizikusanya. Njia nzima alikuwa akifikiria uongo wa kumwambia binti. Filamu iliungua. Fundi alizipoteza. Ingekuwa rahisi, maana fundi mwenyewe angekubali kubeba lawama, alishamwambia hivyo mlangoni. Lakini kuzichana hakuweza, na kuzificha nyumbani kwake ni kuzificha kutoka kwa nani? Akapita moja kwa moja kwa binti yake.

Binti alikuwa kitandani, maziwa yakimsumbua, khanga imelowa kifuani. Hakuna anayeyaambia maziwa habari za msiba. Alizipokea picha, akazitazama zote kwa utulivu, moja baada ya nyingine, kisha akaziweka kando ya mto.

"Nisamehe, mwanangu. Ni nguo zangu. Nimekunyima uso wa mwanao."

"Hujaninyima kitu," binti akasema. "Mimi nilimwona, mama. Alikuwa kifuani kwangu muda wote. Nikifumba macho namwona sasa hivi."

Mama Buluu hakuelewa.

"Sasa kamera ulikubali ya nini?"

"Ulikuwa unaitaka wewe." Binti alijitahidi kukaa, akajishika kifua. "Tangu nakua nasikia habari za lile doa la dawa. Nikasema, acha apige. Angalau huyu awe naye."

Mwanamke yule akakaa chini, hakutafuta kiti, alikaa sakafuni pale alipokuwa amesimama. Mikono yake aliiweka mapajani, kucha za buluu zikitazama juu. Alitafuta kichwani uso wa mjukuu wake, akakuta pete, akakuta sindano, akakuta ukingo wa dirisha ulivyokuwa ukikatiza kona ya picha na namna alivyoukwepa. Alikuwa amesimama mbele ya mtoto asubuhi nzima ya maisha yake.

"Mwanangu, mimi sikumwona," akasema. "Nilikuwepo na sikumwona."

"Najua. Panda huku."

Akapanda kitandani, mama mtu mzima, akalala upande wa mkwe wake kama mtoto aliyeota vibaya. Binti akamsogezea mto. Halafu akaanza kumweleza, taratibu, akimwonesha kwa kidole usoni mwake mwenyewe. Paji lilikuwa pana, limetoka mbele kidogo, la baba yake. Nyusi hazikuwepo bado, ila mstari ulionekana zitakapopita. Pua ilikuwa imebonyea upande mmoja. Mdomo wa juu ulikuwa na ncha katikati. Sikio moja lilikuwa limekunjika kwa kulalia.

Mama Buluu alikuwa akirudia kila neno kwa sauti ya chini. Binti alipofika kidevuni, mama akamuuliza lile aliloogopa kuuliza.

"Alifumbua macho?"

Ungeona binti anapima kama aseme au aache.

"Alifumbua," akasema. "Mara moja. Hakunitazama mimi. Alitazama upande wa kabati, ulikokuwa umesimama wewe."

"Lini? Mbona sikuona?"

"Ulikuwa umeinamisha kichwa, mama. Ulikuwa unavuta filamu."